Tisini na Sita kwa Sitini na Nne

Bungoma,
9 Machi 2025

Kwa mwiwa wangu Nyaguthii,

Huku tuko wazima. Anti yako Nasambu amepona kile kikohozi, na yule ng'ombe mwenye mabaka amezaa dume, kwa hivyo furaha yetu ni ya kiasi. Msalimie dada yangu Nakhumicha, umwambie mihogo aliyotutumia ilifika ikiwa mizima. Na baba yako Kiarie mwambie mguu hauponi kwa kupanda trekta kila asubuhi.

Sasa utashangaa kwa nini nakuandikia barua na simu yako naijua. Alhamisi ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi. Mimi, khocha wako, ndugu ya mama yako, niliyekufungulia kompyuta kifuniko uone kilichomo kabla hujafika darasa la tano! Nimeamua habari za seva sitazizungumza nawe kwa simu tena hadi jambo hili liishe. Karatasi haikatiki. Utanisoma mpaka mwisho, kisha ndipo utakasirika.

Nilichokuwa nasema ni hiki. Ushirika wetu wa wakulima utanunua seva moja tu ya kutabiri mvua, kuanzia kwenu Kitale, miteremko ya Elgon yote, mpaka Malakisi. Muuzaji wa Nairobi ametuazima mbili tuzijaribu kwanza. Hapa Bungoma nimewekewa ile yenye prosesa ya viini tisini na sita. Wewe huko una ya viini sitini na nne. Kila kiini ni kibarua anayepiga hesabu yake. Ukiwa na shamba la kupalilia, utaita vibarua sitini na nne au tisini na sita? Hata mwenyekiti Gachanja, ambaye kompyuta yake ni ya kuwekea kikombe cha chai, analijua jibu.

Usiniletee neno bei. Kitu cha maana kina bei yake. Na itakayoshinda itabaki kwenye chumba ilimo sasa, hilo unalijua kama ninavyolijua.

Tupime basi, kazi zilezile, mashine mbili, msimu huu wa kupanda. Tusipendelee.

Khocha wako,
Wekoye


Kitale,
16 Machi 2025

Kwa Khocha Wekoye,

Barua yako imefika na kifurushi cha anti, na kahawa yake tumeshainywa. Mama anacheka kwamba sasa tunaandikiana kama watu wa zamani. Baba amekusikia kuhusu mguu na ametoka na trekta vilevile. Tumelima ekari zote za chini, tunangoja mvua itulie tupande.

Kukata simu sitaombea msamaha. Uliniita "msichana" mara tatu, na mwenyekiti alikuwa ameweka simu kwenye spika mbele ya kamati nzima. Khocha, ukiniita hivyo jikoni kwa mama sina neno, nitakuletea hata maji ya kunawa. Lakini kazini mimi ndiye msimamizi wa kompyuta za Ushirika upande wa Trans-Nzoia. Ukilisema tena kwenye spika, nitakata tena.

Haya, vibarua. Mfano wako ni mzuri ila umesahau ghala. Vibarua wa kupanda wanahitaji mbegu, na mbegu inatoka ghalani. Kwenye seva, ghala ni memori. Nimezisoma karatasi za prosesa zote mbili. Yako ina milango kumi na miwili ya kuingia memori. Yangu pia ina kumi na miwili, na upana wake ni uleule. Kazi ya kutabiri mvua si hesabu ngumu, ni kubeba data nyingi huku na huku. Vibarua wako tisini na sita watasimama foleni mlangoni, wengine wakipiga soga na mishahara inaenda. Wangu ni wachache lakini kila mmoja ana mkono mwepesi zaidi, na foleni ni fupi.

Naweza kuwa nimekosea. Tupime. Lakini tupime kila kitu, pamoja na umeme.

Mpwa wako,
Nyaguthii


Bungoma,
13 Aprili 2025

Mwiwa,

Mvua imetulia huku na sisi tumepanda shamba la Matulo. Nasambu amesimamia kazi yote kwa sababu mimi, ati, napenda mashine kuliko mahindi. Binti ya jirani ameolewa Kimilili na tulikula mpaka tukaona aibu.

Matokeo ninayo. Kwenye jaribio la hesabu tupu, lile ambalo dunia yote hupimia prosesa, yangu imeiacha yako mbali sana. Nilipoona mistari ikipanda kwenye skrini nilisimama wima peke yangu chumbani. Miaka yote nimefanya kazi na mashine zilizokataliwa na wengine, mwiwa, zenye feni zinazolia kama mbuzi. Hii haijalia. Ilinguruma kidogo tu, kazi ikaisha.

Kwenye utabiri wa mvua pia yangu imemaliza mbele. Sisemi mbele kiasi gani. Mbele ni mbele.

Sasa andika ripoti tuitie sahihi sote wawili tupeleke kwa kamati.

Wekoye


Kitale,
27 Aprili 2025

Khocha,

Huku mahindi yametoka na yamesimama vizuri. Mama anakohoa kidogo, nafikiri amemwambukiza anti kwa simu au anti amemwambukiza yeye. Baba ni wa trekta tu.

Nakupongeza kwa hesabu tupu. Umenishinda na sitabisha. Ila faili za utabiri huandikwa saa kazi ilipoanza na saa ilipoisha, na nimezifungua zako. Kazi inayochukua karibu saa mbili, umenitangulia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, tena kikiwa kimepoa. Mashine yako bei yake ni karibu mara mbili ya yangu. Hicho ni kikombe ghali.

Lakini si hilo lililonifanya nikose usingizi. Umesikia mvua ya mawe ya Kimilili. Mchana ule mashine zetu zote mbili, yako ya tisini na sita na yangu ya sitini na nne, zilisema mlimani juu ya Kimilili kuna mawingu mepesi tu. Mawe yakashuka yakalaza maharagwe ya watu chini kama yaliyokanyagwa na ng'ombe. Mama mmoja alinipigia simu, mwanachama wetu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mashini yenu ilikuwa wapi?"

Nimekaa na swali lake. Mashine hazikuwa na kosa, hazikuwa na habari. Huko juu hatuna hata kituo kimoja cha kupimia mvua na upepo. Tunaipa prosesa ya kisasa data ya uwanja wa ndege wa Kitale na ya Bungoma mjini, kisha tunaiomba ikisie mlima. Tukinunua ile ndogo, kinachobaki kinatosha vituo juu ya Kimilili, Malakisi na Matulo kwenu, na betri nzuri juu yake. Hiyo ndiyo thamani ninayoisema. Kumaliza mapema na jibu baya si kumaliza.

Na hapo kwenye betri, nakuuliza. Wiki ya kwanza ya Aprili umeme ulipotea kwetu na kwenu siku moja. Yangu ilimaliza kazi kwa betri. Yako ilifanyaje? Kwenye barua yako hakuna hata neno.

Sitatia sahihi ripoti isiyo na jibu hilo.

Nyaguthii


Kitale,
25 Mei 2025

Khocha,

Aprili imeisha, na Mei nayo inaisha, na wewe hujaandika. Mama anasema mko wazima. Nimeshukuru, lakini kuambiwa na mtu mwingine si sawa.

Nakupa habari zangu, upende usipende. Ripoti nimeiandika peke yangu. Jaribio la hesabu tupu limo, na umeshinda, nimeliweka mwanzoni kabisa ili mtu asiseme nimelificha. Jaribio la utabiri limo, na la umeme kwa upande wangu, na hesabu ya vituo vya mvua.

Jumanne alikuja Ngige, yule wakala wa muuzaji wa Nairobi, akaketi na mwenyekiti Gachanja, wakaniita. Ngige ni mtu wa tabasamu. Akasema, "Dada, kazi nzuri sana. Tunaomba tu kurasa za utabiri na za umeme zitoke. Zinachanganya wanachama."

Nikamwuliza, "Zina makosa?"

"Hapana, hazina makosa. Ni nyingi tu."

"Kama hazina makosa, zinakaa."

Mwenyekiti akaingilia. "Nyaguthii, kwani wewe unalipa nini mfukoni mwako? Ni pesa ya wafadhili. Tuchukue kubwa. Watu wakija kutembelea waone kitu."

Nikamwambia mkulima wa Kimilili hatakuja kutembelea, atakuwa shambani akihesabu maharagwe yaliyolala. Hakupenda. Akanipa kalamu nitie sahihi ripoti fupi waliyoichapa wenyewe. Kalamu niliiweka mezani. Akasema niende likizo mpaka mkutano wa wajumbe upite, na mkutanoni nisionekane. Basi niko nyumbani, napalilia mahindi na baba, na amefurahi kwa sababu mimi sichoki kama vibarua wake.

Hayo ni yangu. Sasa yako. Anti Nasambu amemwambia mama, na mama ameshindwa kunificha. Kamati ikichukua mashine yangu, chumba chako cha Bungoma kinafungwa na wewe unaachishwa kazi, miaka miwili kabla ya kustaafu. Kumbe ulijua tangu Machi. Ulijua ukaniandikia habari za vibarua!

Kwa nini hukusema?

Nimelia, sikufichi. Nimelia nikamaliza. Na zile kurasa sizitoi.

Nyaguthii


Bungoma,
8 Juni 2025

Nyaguthii,

Ng'ombe wako salama. Mahindi yako salama. Nasambu ana mdomo, na nimemwambia hivyo, akaniambia mdomo wake ndio umenilisha siku ambazo wangu ulinuna. Tumeachia hapo.

Unauliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? "Mwiwa wangu, pima kwa haki, lakini ujue ukinishinda nakosa kazi"? Hiyo ingekuwa haki gani? Ungenihurumia ukapunja hesabu, na mimi ningekaa kwenye chumba nilichopewa na machozi ya mtoto wa dada yangu. Afadhali kifungwe.

Kwa hivyo usinililie. Usinihurumie. Mashine yangu naipenda na ni bora, na mtu akiniuliza nitasema ni bora mpaka nizikwe.

Ngige amefika huku pia. Nilimpa alichostahili, akaondoka ameridhika. Hayo ni ya kwangu na yeye.

Wekoye


Kitale,
15 Juni 2025

Khocha,

Ulimpa nini?

Salamu nitaandika ukinijibu. Mama ameisoma barua yako, akaikunja, akasema, "Huyo ni kaka yangu, muache." Mimi siwezi kumwacha. Kama umetia sahihi ile ripoti yao fupi, niambie wewe mwenyewe, nisikie kwako kabla sijasikia kwa Ngige na tabasamu lake.

Na kama umeitia, bado wewe ni khocha wangu, na bado nitasema umekosea.

Nyaguthii


Bungoma,
29 Juni 2025

Mwiwa wangu,

Nilimpa chai na mandazi. Pia nilimwambia kwamba mkutanoni nitaizungumzia mashine mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye niliyeishi nayo. Yeye akadhani hilo ni kukubali. Sikumsahihisha.

Utakuwa umeshasikia mengi juu ya Ijumaa, lakini waliokusimulia hawakukaa mbele nilikokaa mimi, kwa hivyo soma.

Ukumbi wenu wa Kitale ulijaa. Walikuja wajumbe wa Malakisi, wa Kimilili, wa Matulo, na nyinyi wa Trans-Nzoia mlikuwa wengi kuliko viti. Ngige alionyesha picha ukutani, nguzo mbili, moja ndefu na moja fupi. Ndefu ni yangu. Watu wakapiga makofi kwa sababu nguzo ndefu inapendeza. Kisha Gachanja akasema, "Mzee Wekoye amekuwa nayo tangu Machi. Aje atuthibitishie, tupige kura twende tukale."

Nikasimama. Nikasema, "Mashine hii ni bora kuliko ya Kitale. Ningekuwa na kazi ya hesabu tupu ningeibeba leo kwa kichwa."

Ngige akacheka, akanipigia makofi.

Nikasema, "Lakini nyinyi hamuuzi hesabu. Nyinyi mnapanda mahindi. Kwenye kutabiri mvua, mashine hii ya bei mara mbili inaishinda ile nyingine kwa muda wa mtu kunywa chai. Mlango wa memori ni uleule, vibarua wanangojana. Na umeme ulipokatika Aprili, betri hazikuweza kuibeba. Niliipunguza kasi, ikajikokota, na utabiri wa siku ukatoka siku yenyewe ikiwa imeshaisha. Ile ya Kitale ilimaliza kwa wakati. Haya yote yako kwenye ripoti ambayo hamjaonyeshwa."

Ngige akasogea karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, wote wakasikia. "Mzee, unajua unajifungia chumba chako mwenyewe?"

Nikamwambia, "Chumba ni cha Ushirika. Mdomo ni wangu."

Mwiwa, sijui lilitoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu kirefu chenye takwimu.

Hapo yule mzee wa Matulo ambaye huuza miche akainuka bila kuruhusiwa. "Kama iko chenji itabaki, irete kipimo cha mvua kwetu! Mimi nataka kujua mvua ya Matulo, si ya Nairobi!" Mama mmoja wa Kimilili akasimama pia, akasema maharagwe yake yalilazwa na mawe na hakuna nguzo ndefu iliyomwambia. Baada yake hakukuwa na mpangilio tena. Kila mtu alikuwa na mvua yake ya kusimulia.

Gachanja akaona upepo umegeuka. Akasema, "Basi, hizo kurasa za yule msichana ziko wapi?"

Nikamjibu kwa kipaza sauti, "Hakuna msichana hapa. Kuna msimamizi wa kompyuta wa Trans-Nzoia. Mmemfukuza na yuko shambani kwa baba yake na jembe. Mwiteni kwa cheo chake, atawaletea."

Sikuombi msamaha kwa yaliyopita, na wewe hukuniomba kwa kukata simu. Tuko sawa.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Ndogo imeshinda, pamoja na vituo vya mvua. Mimi si mjumbe kwa hivyo mkono wangu ulibaki mfukoni.

Watakuita wiki hii. Vaa vizuri.

Khocha wako,
Wekoye


Kitale,
20 Julai 2025

Khocha wangu,

Waliniita, na nilivaa vizuri. Mama alinishonea kola. Ripoti imesomwa yote mbele ya kamati, na mwenyekiti ameniita kwa cheo, ingawa alikisema kama mtu anayemeza dawa. Ngige ameichukua mashine yako na kuirudisha Nairobi. Baba analalamika kwamba amepoteza kibarua.

Jana lori lilileta kabati zako za chuma kutoka Bungoma. Kwenye moja kulikuwa bado na karatasi ya mwandiko wako, "Usiguse waya huu bila kuniuliza." Sikuibandua.

Khocha, vituo vinasimikwa mwezi ujao, Malakisi, Matulo na juu ya Kimilili. Nimepewa ruhusa ya kuajiri msaidizi. Njoo. Mshahara si ule wako wa zamani lakini ni mshahara. Utapanga chumba unavyotaka. Anti anasema umekaa unatazama ukuta, na ukuta wenu hauna kitu cha kutazamwa.

Nakuomba, njoo.

Nyaguthii


Bungoma,
3 Agosti 2025

Mwiwa,

Nasambu amekosea. Ukuta wetu una kalenda.

Asante, na siji. Usidhani ni kwa sababu utakuwa mkubwa wangu. Nimekuwa na wakubwa wajinga maisha yangu yote, kuwa na mmoja mwenye akili kungekuwa likizo. Siji kwa sababu hukuniita kwa kazi, uliniita kwa ukuta. Unataka mtu wa kubadilisha nyaya, kijana yeyote aliyetoka chuoni atazibadilisha. Sikusema niliyoyasema Kitale ili nilipwe kwa nafasi ya huruma. Nikija sasa, Ngige atasema niliyasema yale ili unipe kazi.

Nina shamba. Mahindi yamenipita kimo. Nasambu ananifundisha kupalilia, na ni mwalimu mkali.

Wekoye


Kitale,
5 Oktoba 2025

Khocha,

Huku tunavuna ya mapema, mama amepona, na baba sasa anatumia fimbo lakini anaishika kama ya kuchapia watu.

Sitakubembeleza tena. Nilikuita vibaya, nimekubali. Lakini nimekuandikisha kwenye ujumbe wetu wa utabiri kama mwanachama mwingine yeyote wa Matulo. Utaupata kwenye simu kila jioni. Vituo vyote vitatu vinatuma data, seva haijazima hata mara moja, na tangu Septemba hatujakosea Malakisi wala Kimilili. Ukianika mahindi, tusikilize.

Nyaguthii


Bungoma,
19 Oktoba 2025

Nyaguthii,

Tuko wazima, ila Nasambu hasemi na Ushirika wenu.

Jumatano tuliletewa ujumbe wako, mvua kubwa Matulo kesho yake mchana. Alhamisi asubuhi tukakusanya mahindi yote tuliyokuwa tumeanika, magunia kwa magunia, tukayaingiza sebuleni mpaka hatuna pa kuketi. Majirani waliacha yao nje wakatutazama. Nikawaambia, "Ngojeni mtaona." Tukangoja. Jua liliwaka mchana kutwa kama limetumwa. Ikafika jioni, mahindi ya majirani yamekauka, na mimi nimekaa juu ya gunia nikichungulia mawingu yako dirishani. Yule mzee wa miche alipita akauliza, "Wekoye, mvua imepotea njia?"

Ijumaa nikaenda kukitazama kituo chenu. Mwiwa, ni nani aliyekifunga? Amekipigilia ukutani mwa ghala, chini kabisa ya paa, kwa sababu hapo palikuwa na msumari tayari! Umande na manyunyu yote ya bati zima yanateremka kwa mfereji mbovu na kumwagikia ndani ya kipimo. Nyuma yake ukuta umezuia upepo. Kwa mujibu wa kituo hicho, Matulo inazama tangu mwezi uliopita.

Prosesa yako haina kosa lolote. Imepiga hesabu sahihi kabisa ya maji ya paa. Ungeipa viini tisini na sita ingekuambia uongo huo mapema zaidi kidogo.

Kama cha Matulo kiko hivyo, cha Malakisi kikoje? Na cha juu ya Kimilili amekifunga wapi, kwenye mti? Umepata bahati siku chache na mnajisifu. Watu wataacha kuwaamini kabla ya Krismasi, na wakiacha, seva yako itakuwa kabati linalowaka taa tu.

Nimezungumza na Nasambu. Jumatatu nakuja Kitale, tukavikague na kuvifunga upya vituo vyote vitatu. Usiniandalie chakula wala maneno ya kunikaribisha. Niandalie ngazi.

Wekoye